Mtafuta Ukoo Kanada Asiliamini Jina la Karani

Kila ninapofundisha taaluma ya majina, mwanafunzi mmoja hakosi kuinua mkono na kulalamika kwamba Wakanada wamebahatika: yeye hawezi kumtaja babu wa babu yake, ilhali Mkanada huingia katika hifadhi ya nyaraka asubuhi na kutoka jioni akiwa na vizazi kumi mkobani. Dai hilo ni nusu ya ukweli. Nusu iliyosalia ndiyo inayonikera.

Hapana shaka kwamba mwenye asili ya Kifaransa katika jimbo la Quebec ana hazina ambayo mataifa machache yanaweza kujivunia. Rekodi za parokia za ubatizo, ndoa na maziko zinaanzia 1621, na wanawake waliandikwa humo kwa majina ya baba zao hata baada ya kuolewa, jambo linalomrahisishia mtafiti kuufuata upande wa mama. Tangu 1966 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Montréal wamekuwa wakiziunganisha rekodi hizo, familia kwa familia. Fauka ya hayo, sensa ya taifa hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 92. Ile ya 1931 ilifunguliwa Juni 2023, na Maktaba na Hifadhi ya Nyaraka ya Kanada imeiweka katika intaneti aisome atakaye.

Lakini jina lililomo kitabuni ni la nani? Ni la mwenyewe, au ni la karani aliyelisikia?

Tuwatazame Wainuiti, wenyeji wa kaskazini ya mbali ya nchi hiyo. Jadi yao haikuwa na jina la ukoo. Mtoto alipewa jina la marehemu, liwe la mwanamume au la mwanamke, na pamoja na jina hilo alirithi uhusiano, hata mama angeweza kumwita mwanawe wa kumzaa "baba". Sisi tulio na neno somo, na ambao baadhi yetu huwaita wajukuu "babu", hatuhitaji kufafanuliwa sana. Walipofika wamishonari, Elizabeth akawa Elisapee, kwa kuwa lugha ya Kiinuktituti haina sauti ya th wala ya b. Nayo sauti yao ya q, itamkwayo nyuma kabisa ya kinywa, makarani wa Kiingereza waliiandika kila mmoja alivyoweza. Mtu mmoja akawa na tahajia nne au tano.

Serikali ilichoshwa na tahajia hizo. Kuanzia 1941 iliwagawia Wainuiti visahani vyenye namba, vya kuvaliwa shingoni kwa kamba au kushonwa nguoni, vikiwa na herufi E kwa wa mashariki na W kwa wa magharibi. Msomaji ambaye babu yake alivalishwa kipande atanielewa. Baadaye, kati ya 1968 na 1971, Abe Okpik, mwenyewe Muinuiti, alizunguka vijijini watu wajichagulie majina ya ukoo. Si ajabu basi kukuta ndugu wa baba na mama mmoja wana majina mbalimbali.

Katikati ya haya kulikuwa na kifua kikuu. Tangu 1950 meli iliyoitwa C.D. Howe ilipita pwani za kaskazini ikiwapima watu kwa eksirei. Aliyeonekana mgonjwa aghalabu hakuruhusiwa hata kushuka kuaga, bali alipelekwa kusini, katika hospitali za Hamilton, Edmonton na kwingineko. Wengi walifia huko, na jamaa zao hawakuambiwa walikozikwa. Mnamo Machi 2019, Justin Trudeau, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliomba radhi mjini Iqaluit, na ukazinduliwa rasmi mradi wa Nanilavut, yaani "tuwatafute", ili familia zioneshwe makaburi.

Basi mtoto anayemtafuta mamake aanzie wapi? Jina la hospitali si jina la nyumbani, na jina la ukoo lilikuja baada ya mama kufa. Kinachobaki pale pale katika faili ya mganga, ya polisi na ya mwendesha makaburi ni namba ya kisahani. Yamkini yupo atakayesema namba hizo za aibu zifutwe katika orodha za hifadhi. Mimi napinga. Zibaki, na kando yake liandikwe jina kama wenyewe wanavyolitamka, kwa hati za Kiinuktituti. Hifadhi hiyo ya Kanada imewahi kuonyesha njia: tangu mapema miaka ya 2000 imekuwa ikiwapelekea wazee picha za zamani zisizo na majina ili wawatambue waliomo. Utaratibu huo uhamishiwe kwenye faili za wagonjwa. Aajiriwe msemaji wa lugha ile, alipwe na serikali, akae na faili hizo. Haifai familia igharamie kuunganisha kilichotawanywa na makarani wa serikali.

Nayo kazi hii haiwezi kungoja miaka 92 ya sensa. Mtoto aliyekuwa na miaka mitano mwaka 1955, akasimama ufuoni akiitazama meli ikimchukua mamake, sasa amepita miaka 70.