Mtumishi wa ndani na neno ‘ni kama mwanetu’

 

Ndugu Waislamu, tunapozungumzia haki za mfanyakazi, mawazo yetu hukimbilia viwandani, bandarini na maofisini. Huko tunajua kusema. Mwajiri akichelewesha mshahara wiki moja tu, tunamlalamikia mpaka barazani. Leo tunataka kuzungumzia mahali pa kazi ambapo mwajiri ni sisi wenyewe, na mfanyakazi ni yule binti anayelala chumba cha uani, au sebuleni juu ya godoro linalokunjwa kabla wenye nyumba hawajaamka. Wengine humwita dada, wengine yaya, wengine hausigeli.

Ramadhani moja tulialikwa futari kwa ndugu yetu mmoja hapa Dar es Salaam. Tulikuwa wageni kumi na wawili. Palikuwa na uji wa pilipili manga, mihogo ya nazi, tambi, sambusa, kaimati na samaki wa kupaka. Baada ya tarawehe tulirudi kwa kahawa na mazungumzo. Ilipotimu saa tano usiku tulitoka uani kunawa, tukamkuta binti wa kazi amechutama mbele ya rundo la masufuria. Tukamwuliza ataamka saa ngapi. Akajibu, “Saa tisa, sheikh, kupika daku.” Mwenye nyumba alikuwa nyuma yetu, akawahi kusema, “Huyu hatumhesabu kuwa mfanyakazi, sheikh. Ni kama mwanetu.” Watoto wake wa kuwazaa walikuwa wamekwisha lala.

Tumelitafakari sana neno hilo, kwa sababu si la mtu mmoja. Tumelisikia katika nyumba nyingi, na wanaolisema aghalabu ni watu wema. Lakini tazameni linavyofanya kazi. Binti akidai mshahara wa miezi miwili, huambiwa yeye ni mtoto wa nyumbani, anakula na kulala bure. Akitaka kulala mapema kama watoto wa nyumbani, hukumbushwa kwamba amekuja kufanya kazi. Kwa mlango wa utoto amenyimwa ujira, na kwa mlango wa kazi amenyimwa usingizi.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Dharri, iliyomo katika Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) naye aliwapa watumishi jina la ujamaa: aliwaita ndugu zetu. Ila baada ya jina hilo yalifuata masharti: walishwe katika tunachokula, wavishwe katika tunachovaa, wasibebeshwe kinachowashinda, na wakibebeshwa basi wasaidiwe. Na maneno hayo aliyasema kuhusu waliokuwa watumwa. Je, huyu aliyekuja kwetu akiwa mtu huru, kwa makubaliano ya ujira? Ujamaa katika hadithi hiyo unaongeza wajibu wa mwenye nyumba. Majumbani mwetu tumeugeuza kuwa sababu ya kuupunguza.

Vivyo hivyo katika Suratul Qasas. Yule mzee wa Madyan alimwajiri Nabii Musa (AS) huku akikusudia kumwoza binti yake. Hapo hapakuwa na ‘kama’. Alikuwa anaingia kuwa mkwe hasa. Hata hivyo mzee alitaja muda wa kazi, miaka minane, na kama Musa angependa kutimiza kumi hilo lingekuwa hiari yake. Kisha akaeleza kwamba hakutaka kumtaabisha. Ukwe haukufuta mapatano.

Sheria ya nchi nayo haikumsahau binti huyu, ingawa wengi wetu tunadhani imeandikwa kwa ajili ya makampuni tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Mwaka 2011 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa majumbani, nao pia unataka wapate angalau saa 24 mfululizo za kupumzika kila wiki. Sasa mhesabieni yule binti wa futari. Kuanzia saa tisa usiku hadi saa tano usiku ni saa 20. Hata tukisema alipumzika saa nne mchana, jioni ya siku ya tatu amekwisha maliza saa za wiki nzima.

Kuna akina mama watakaotujibu kwamba wao wenyewe ni wauguzi au walimu, hutoka alfajiri na kurudi magharibi, na mishahara yao ni midogo; bila binti huyo hawawezi kufanya kazi. Ni kweli, na hatuwalaumu. Tunawauliza waume zao. Bibi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumbani kwake, na wakati wa Swala ukifika hutoka. Sisi wanaume tunaipenda Sunna ya kula kwa vidole vitatu. Hii ya kuhudumia nyumba tumemwachia binti kutoka kijijini.

Na glasi ikivunjika anakatwa mshahara. Anas bin Malik (RA) alimtumikia Mtume (SAW) miaka kumi, akasimulia kwamba hakuwahi kuulizwa kwa nini amefanya hivi au kwa nini hakufanya vile.

Hatusemi haya kana kwamba nyumba yetu ilikuwa salama. Binti aliyekuwa akitusaidia aliwahi kuugua malaria usiku, tukamkimbiza hospitali. Mapokezi wakatuuliza jina la baba yake na umri wake. Tukatazamana na mama watoto. Alikuwa amekaa nasi mwaka mmoja na nusu, tukimwita mwanetu, na fedha zake ‘tukimtunzia’ bila daftari lolote.

Alipopona tulimketisha, tukaandika mbele yake kiasi cha mshahara na tarehe ya kulipwa, tukampa mkononi zile zilizokuwa kwetu. Tukamwambia achague siku moja isiyo na kazi, akachagua Jumapili. Jumapili ya kwanza, baada ya Swala ya Alfajiri, alirudi kulala mpaka adhana ya Adhuhuri. Ramadhani ilipoingia tulipunguza vyakula vya futari vikabaki vitatu, daku ikapikwa jioni ili usiku ipashwe moto tu na yeyote anayeamka kwanza, na vyombo tukawapa vijana wetu wawili wa kiume. Wiki ya kwanza waliviosha vibaya, na masufuria mawili ilibidi tuyarudie sisi wenyewe.