Tusilipie Mtungi Mtupu

Tarehe 12 Juni, 2025, Rais wa Marekani alitia saini azimio la Bunge la nchi hiyo la kufuta kibali kilichoiruhusu California kutekeleza sheria yake ya kukomesha uuzaji wa magari mapya ya petroli ifikapo mwaka 2035. Siku hiyo hiyo California, ikiungwa mkono na majimbo mengine kadhaa, ilikwenda mahakamani kupinga. Haikupita hata miezi minne, na tarehe 30 Septemba ikafikia kikomo nafuu ya kodi ya hadi dola 7,500 ambayo Serikali Kuu ya nchi hiyo ilikuwa ikimpa mnunuzi wa gari la umeme.

Wako watakaosema kwamba huo ni ugomvi wa watu walioshiba, na kwamba haumhusu mwalimu wa Songea wala karani wa Kigoma. Sisi hatukubaliani na rai hiyo. Petroli yote inayotumika nchini mwetu huletwa kutoka ng'ambo na kulipiwa kwa fedha za kigeni, ilhali gesi ya Songo Songo imekuwa ikifika Dar es Salaam kwa bomba tangu mwaka 2004. Leo teksi na bajaji zilizofungwa mitungi ya gesi ni jambo la kawaida jijini humo, na wenye magari wanaitaka Serikali iwape nafuu ili wengi zaidi waiache petroli. Madai hayo ni ya haki. Lakini kati ya dai la haki na sheria nzuri pana safari ndefu, na majimbo ya Marekani yamekwisha kuisafiri safari hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini, mara nyingine kwa hasara kubwa. Hatuna sababu ya kununua upya somo ambalo wenzetu wamekwisha kulilipia.

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba kila jimbo la Marekani lina bunge lake, gavana wake, kodi zake na utaratibu wake wa kuandikisha magari. Kwa hiyo jambo moja hujaribiwa kwa namna nyingi: huku punguzo la kodi, kule amri kwa watengenezaji, kwingine ruhusa ya kupita katika njia ya barabara iliyotengewa magari yenye abiria wengi.

Jaribio linalostahili kusomwa kwa makini kuliko yote ni lile la Arizona. Bonde la Phoenix lilikuwa na hewa chafu, na mwezi Aprili mwaka 2000 Gavana Jane Dee Hull alitia saini sheria ya kuwatuza watu wanaonunua magari yanayoweza kutumia gesi asilia au gesi ya propani, au kuyageuza magari yao yaweze kufanya hivyo. Sheria hiyo ilisukumwa na Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo, Jeff Groscost, na ilipita katika siku za mwisho za kikao, wakati ambapo wabunge wa nchi yoyote huwa wamechoka na wanawaza safari ya nyumbani. Tuzo lenyewe halikuwa dogo. Mwenye gari aliweza kurudishiwa na jimbo hadi karibu nusu ya bei ya gari zima, pamoja na gharama ya kulifunga vifaa vya gesi. Makisio yaliyowekwa mbele ya wabunge yalisema mpango huo ungeligharimu jimbo kati ya dola milioni 3 na milioni 10.

Sasa tutazame kile ambacho sheria haikukisema. Haikusema tangi la gesi liwe na ukubwa gani, na wala haikumtaka mwenye gari aitumie hiyo gesi. Gari lilibaki na tangi lake la petroli kama lilivyotoka kiwandani, na pembeni likaongezewa kitangi cha galoni chache. Mtu aliweza kununua gari kubwa la kifahari, akafungiwa kitangi hicho, akachukua maelfu ya dola kutoka hazina ya umma, kisha akaendesha kwa petroli miaka yote bila kuvunja kifungu hata kimoja. Na ndivyo walivyofanya wengi. Walikuwa wakiisoma sheria kama ilivyoandikwa, kwa hiyo hatuwezi hata kuwaita wezi. Kabla ya mwaka kwisha, makisio ya gharama yalikuwa yamepita dola milioni 400. Mwalimu wa hesabu anaweza kuwapa wanafunzi wake swali hili: ukichukua makisio ya juu ya awali, gharama imeongezeka mara ngapi? Jibu ni mara arobaini, katika jimbo ambalo bajeti yake nzima ya mwaka ilikuwa dola bilioni chache tu.

Mwezi Oktoba Gavana aliliita Bunge kwa kikao maalumu ili kuusimamisha mpango. Baadhi ya wabunge walikiri kwamba hawakuelewa walichokuwa wakikipitisha. Wananchi waliokwisha kuagiza magari kwa kuiamini ahadi ya Serikali yao walijikuta hawajui watalipwa au hawatalipwa. Mwezi Novemba Spika Groscost aligombea kiti katika Seneti ya jimbo, akashindwa.

Tunaieleza Arizona kwa kirefu kwa sababu magari yaliyoiponza ni ndugu wa magari tunayoyaona Dar es Salaam. Gari letu linalofungwa mtungi wa gesi nalo hubaki na tangi lake la petroli, na dereva huchagua atumie kipi. Hilo si kosa. Mtu anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hawezi kutegemea gesi njia nzima wakati vituo vya kuijaza ni vichache. Ila ina maana kwamba mtu akituonyesha mtungi tu, hajatuthibitishia lolote.

Na asidhani mtu kwamba kosa hili ni la Arizona peke yake. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Sera ya Nishati, ambayo pamoja na mambo mengine iliziamuru serikali za majimbo kwamba, kuanzia magari ya mwaka 2001, asilimia 75 ya magari mapya madogo yanayonunuliwa kwa ajili ya ofisi zao yawe ya mafuta mbadala. Serikali za majimbo zilitii. Zilinunua magari kwa maelfu yenye injini inayoweza kutumia petroli au mchanganyiko wenye ethanoli nyingi, mafuta yanayotengenezwa huko hasa kutokana na mahindi. Lakini sheria ilihesabu magari yaliyonunuliwa, haikupima kilichotiwa ndani ya matangi yake, na mahali pengi hapakuwa na kituo cha ethanoli karibu. Basi gari liliandikwa katika daftari kuwa la mafuta mbadala na asubuhi likaenda kujazwa petroli. Kwa upande wa magari ya Serikali Kuu yenye uwezo huo, ilibidi kungoja hadi mwaka 2005 ndipo sheria ilipoagiza kwamba yatumie mafuta mbadala yenyewe, isipokuwa pale ambapo hayapatikani.

Mtumishi wa umma anayesoma haya anaufahamu ugonjwa huu bila kufika Marekani. Taarifa ya mwaka huorodhesha vilivyonunuliwa, na ni mara chache mno iulize vinafanya kazi gani.

California ilifuata njia nyingine, na ingawa nayo imejikwaa, njia hiyo inastahili heshima. Jimbo hilo lilikuwa na sababu. Jiji la Los Angeles lilikuwa limefunikwa na ukungu wa moshi tangu miaka ya 1940, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtaalamu wa kemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu ule ulitokana na moshi wa magari na viwanda vya mafuta unapopigwa na jua. Mwaka 1967 jimbo likaunda Bodi ya Rasilimali za Hewa, na Bunge la Marekani likaipa California kibali cha pekee cha kuweka masharti makali kuliko ya nchi nzima. Mwaka 1977 majimbo mengine yaliruhusiwa kuyaiga masharti hayo.

Mwaka 1990 Bodi hiyo iliwaambia watengenezaji wakubwa wa magari: ifikapo mwaka 1998, asilimia 2 ya magari mnayouza hapa yasitoe moshi kabisa; ifikapo mwaka 2003 yawe asilimia 10. Mzigo haukuwekwa juu ya mnunuzi wala juu ya hazina, uliwekwa kwa yule mwenye kiwanda. Watengenezaji walilalamika, na mwaka 1996 Bodi ikalegeza hatua za mwanzo. Kampuni ya General Motors ilikuwa imetengeneza gari la umeme lililoitwa EV1, ikalikodisha bila kuliuza, kisha ikayakusanya magari hayo na mengi yakapondwapondwa. Wengi wakadhani amri imekufa. Haikufa. Ilirekebishwa mara kadhaa, na mwaka 2022 ikafikia kiwango cha asilimia 35 kwa magari ya mwaka 2026, asilimia 68 kwa ya mwaka 2030 na asilimia 100 kwa ya mwaka 2035. Hiyo ndiyo sheria ambayo kibali chake kilifutwa Juni 2025.

Tofauti yake na Arizona ni kwamba California ililenga hasa magari ambayo hayana budi kutumia nishati safi. Gari la betri peke yake halina tangi la petroli la kukimbilia, kwa hiyo aliyelinunua amekwisha kubadili mafuta, apende asipende. Hata hivyo, California nayo ilitoa zawadi, na humo ilijifunza jambo jingine. Kuanzia mwaka 2010 ililipa ruzuku kwa kila mnunuzi wa gari la umeme bila kumwuliza kipato chake. Ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya fedha hizo ilikwenda kwa watu wenye uwezo, ambao pengine wangelinunua gari hilo hata bila ruzuku. Mwaka 2016 jimbo likaweka ukomo wa kipato na kuongeza fungu la wenye kipato kidogo. Miaka sita ni muda mrefu wa kungoja jambo ambalo lingeweza kuulizwa siku ya kwanza.

Georgia nayo ina kisa chake, kifupi. Ilitoa punguzo la kodi la hadi dola 5,000 kwa gari la umeme, na Atlanta ikawa miongoni mwa miji iliyoongoza nchini humo kwa magari ya aina ya Nissan Leaf. Tarehe 1 Julai, 2015, punguzo likafutwa lote kwa siku moja, na mahali pake ikawekwa ada ya dola 200 kila mwaka. Mauzo yaliporomoka. Ada yenyewe tunaielewa, maana barabara hujengwa kwa kodi ya petroli, na asiyenunua petroli anaitumia barabara bila kuichangia. Oregon ilianza mwaka 2015 mpango wa hiari wa kutoza kwa kila maili inayosafiriwa, ambao kwa maoni yetu ni wa haki zaidi. Lisiloeleweka ni serikali kumwita mwananchi kwa mkono wa kulia leo, na kumsukuma kwa mkono wa kushoto kesho.

Turudi nyumbani. Inapendekezwa mara kwa mara kwamba nafuu kubwa itolewe kwenye mitungi na vifaa vya kufunga. Sisi hatupingi kupunguza ushuru wa vifaa, kwa kuwa bei ya kufunga ndiyo inayomzuia dereva mdogo wa bajaji. Lakini tunasema wazi kwamba ruzuku ya fedha taslimu isitolewe kwa kuonyesha mtungi. Gesi ya magari huuzwa kwa kilo, na kila kilo hupita katika mita ya kituo. Hapo ndipo pa kuweka nafuu, kwa sababu pale hakuna anayeweza kudai fedha kwa gesi ambayo hakuichoma. Mwenye teksi anayejaza kila siku atanufaika sana. Mwenye shangingi aliyefunga mtungi kwa ajili ya maonyesho hatapata kitu, na hatudai kitu kwa niaba yake.

Kwa magari ya Serikali tunakwenda mbele zaidi. Ofisi itakayofunga magari yake mitungi ya gesi iandike katika daftari la safari, kando ya kilometa, kilo za gesi na lita za petroli zilizotumika na kila gari, na mkaguzi wa hesabu azilinganishe. Karatasi ya daftari hilo inahitaji safu mbili zaidi, na karani yeyote anaweza kuzichora kwa rula kabla ya gari la kwanza kutoka asubuhi.