Jumamosi Moja kwa Mwezi Haitoshi: Mazoezi, Neva na Shinikizo la Damu

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Desemba 2016, aliyekuwa Makamu wa Rais, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi kwa ajili ya kujikinga na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya mazoezi. Jambo ambalo halikuelezwa vya kutosha katika viwanja vya mikutano ni namna mazoezi yanavyoishusha presha. Ni muhimu lielezwe, kwa kuwa ndilo linaloonesha iwapo Jumamosi hiyo moja inatosha.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulibaini kuwa takriban mtu mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikuwa na shinikizo la juu la damu. Vipimo vilivyofanyika katika miaka ya 1990 Ilala, Dar es Salaam, na Shari, wilayani Hai, vilikuwa vimekwisha kuonesha kwamba ugonjwa huu haubagui mjini wala kijijini: chini ya mmoja kati ya watano wa waliokuwa nao ndiye aliyejua, na waliodhibitiwa hawakufika hata asilimia moja. Kwa hiyo msemo wa "sisi tunalima, presha ni ya watu wa ofisini" hauna msingi.

Wengi wetu hudhani shinikizo la damu ni suala la moyo na mishipa pekee. Ukweli ni kwamba msimamizi wake wa kila sekunde ni mfumo wa neva. Katika ukuta wa mshipa mkuu unaotoka moyoni, na katika mishipa ya shingoni inayopeleka damu kichwani, kuna vipokezi vinavyohisi jinsi mshipa unavyotanuka. Damu inaposukumwa kwa nguvu kupita kiasi, vipokezi hivyo hupeleka taarifa kwenye shina la ubongo. Hapo hutolewa amri mbili: neva zinazobana mishipa na kuharakisha moyo zipunguze kasi, na neva inayoutuliza moyo iongeze kazi. Mtu anapoinuka ghafla kutoka kitandani bila kuanguka, utaratibu huo umefanya kazi yake bila yeye kujua.

Kwa mgonjwa wa presha, utaratibu huu huharibika kwa namna ya hatari kwa sababu haipigi kelele. Vipokezi huzoea shinikizo la juu na kulihesabu kuwa la kawaida. Neva za kubana mishipa huendelea kutuma amri hata mtu akiwa amepumzika, na zile zinazofika kwenye figo huzichochea kutoa homoni zinazoufanya mwili uhifadhi chumvi na maji. Presha hupanda zaidi, na mhusika hasikii chochote.

Majirani zetu wa Kenya walitoa ushahidi wa karibu mwaka 1990. Watafiti waliwafuatilia vijana wa Kiluo waliohama vijijini magharibi mwa nchi kwenda Nairobi. Ndani ya miezi michache presha yao ilikuwa juu kuliko ya wenzao waliobaki. Uzito wao ulikuwa umeongezeka, mkojo ulionesha chumvi nyingi zaidi ikilinganishwa na potasiamu, na mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, dalili inayoendana na neva zilizochangamka kupita kiasi.

Hapa ndipo mazoezi yanapoingia. Matokeo ya matembezi ya haraka huanza siku ileile: baada ya kupumzika, presha hushuka chini ya ilivyokuwa na hubaki hivyo kwa saa kadhaa, pengine karibu siku nzima. Yakirudiwa kwa wiki na miezi, neva za kubana mishipa hupunguza amri zake na vipokezi hurudi kuhisi vizuri. Mwaka 2007 watafiti wa São Paulo, Brazil, walitoa taarifa juu ya kundi dogo la wagonjwa wasiowahi kutumia dawa, waliofanya mazoezi mara tatu kwa wiki kwa miezi minne: vipimo vya neva vilirudi karibu sawa na vya watu wasio na ugonjwa. Kwa jumla, mwenye presha akifanya mazoezi ya kudumu hutarajiwa kupungukiwa milimita 5 hadi 8 za zebaki katika namba ya juu. Akiacha, faida nayo huondoka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hupendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Jumamosi moja kwa mwezi ni uhamasishaji mzuri, lakini neva hazifundishiki kwa mwendo huo.

Tabora ina historia ya pekee katika suala la kutembea. Kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, mizigo kati ya Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji ilisafiri kwa miguu, na wapagazi wa Kinyamwezi walibeba zaidi ya kilo 30 kila mmoja kwa miezi kadhaa. Si busara kuwafanya kielelezo cha afya. Njaa na maradhi viliwaua wengi, na kunyanyua mzigo mzito huku umebana pumzi huipandisha presha ghafla. Kinachofaa kuigwa ni mwendo wenyewe. Kutoka mjini hadi tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, ni takriban kilomita 6; atembeaye kwa haraka hufika kwa muda unaozidi saa moja kidogo. Akienda na kurudi mara moja kwa wiki, na siku nyingine akaiacha bodaboda kwa safari fupi za sokoni, dakika 150 zimetimia.

Kipimo cha mwendo ni rahisi: uweze kuzungumza, usiweze kuimba. Mgonjwa anayetumia dawa zinazopunguza mapigo ya moyo asitegemee kuhesabu mapigo, kwani yatamdanganya. Asiache dawa kwa sababu ameanza mazoezi. Daktari ndiye atakayepunguza kipimo iwapo vipimo vitaruhusu. Mwenye 180 kwa 110 au zaidi atibiwe kwanza kabla ya kuanza, na mwenye maumivu ya kifua asitembee bali aende hospitali.

Kwa ambaye hajawahi kupima, mlango wa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Aketi dakika tano akiwa ametulia, mgongo umeegemea na miguu imekanyaga chini, na kipimo kirudiwe siku nyingine iwapo kitafika 140 kwa 90. Asiende moja kwa moja kutoka matembezini, kwa sababu namba itakayosomwa saa hiyo haitakuwa ile anayoishi nayo kila siku.