Kunduchi Si Magofu ya Wageni

Wazazi wa Kinondoni na Temeke hawana uchoyo wa kuwatembeza watoto wao. Siku ya Idi, siku ya Pasaka, au Jumapili yoyote yenye jua jema, daladala za njia ya Tegeta hujaa vichwa vidogo vinavyokwenda kuoga Kunduchi. Watoto huogelea, hula mihogo ya kukaanga, na magharibi hurejeshwa nyumbani wakiwa wamelala mabegani. Sina ugomvi na bahari. Ugomvi wangu ni kwamba katika safari hiyo hupitishwa karibu na msikiti wa mawe unaokadiriwa kuwa wa karne ya 15, na makaburi ya mnara ambayo aghalabu huhesabiwa kuwa ya karne ya 18, wala hapatikani mtu mzima wa kuwaambia: njooni mtazame.

Ukiwauliza wazazi hao sababu, hukupa udhuru wa namna tatu.

Wa kwanza ni kwamba watoto ni wadogo, hawataelewa. Ni kweli, mtoto wa miaka mitano haelewi karne. Lakini jiwe analielewa. Mwache aupapase ukuta. Ataona vitundu vilivyopangana kama vya sega la asali. Mwambie hilo ni tumbawe, lilitoka baharini, kisha mshushe pwani akaliokote jingine kama hilo. Mwambie kwamba mawe ya namna hiyo hiyo yalipangwa juu ya rundo la kuni, yakachomwa, yakawa chokaa. Mwambie kwamba nakshi za mihrabu zilichongwa katika tumbawe lililotolewa majini karibuni, lingali laini, likakauka likawa gumu. Mkifika penye nyumba ya mawe, mwache akipime chumba kwa hatua zake. Atauliza kwa nini ni chembamba, nawe utamjibu kwamba dari ililala juu ya boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Mtoto wa umri huo hachoki kusikia mambo kama haya. Anayechoka ni baba yake, kwa kuwa hana la kumweleza.

Na hapa pana jambo linalotuhusu sisi wapenzi wa ushairi. Kila mara twalalamika kwamba vijana hawausomi ushairi wa kale. Wausomeje? Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama majumba ya Pate yaliyoanguka, akayafanya mawaidha ya dunia nzima katika Al-Inkishafi. Mwanafunzi wa Mbagala huipokea kazi hiyo ikiwa imezungukwa na sherehe za maneno magumu, hajapata kusimama mbele ya ukuta wa mawe ulioanguka, ilhali ukuta uko mwendo wa nauli chache tu kutoka kwao. Boriti, chokaa na mihrabu kwake ni msamiati wa mtihani. Angeyapata maneno hayo kwa mikono yake akiwa na miaka sita, yasingemtisha akiwa na kumi na sita.

Udhuru wa pili ni kwamba pale ni makaburini, na makaburini pana mashetani. Naam, ni makaburini. Kwa hiyo ndipo mahali pa kumfundisha mtoto adabu. Ashushe sauti. Asipande juu ya kaburi. Asiandike jina lake ukutani kwa mkaa, wala asitie kigae mfukoni. Wazee wetu waliyapamba makaburi ya mnara kwa mabakuli na sahani za Kichina. Leo katika makaburi mengi ya mwambao bakuli halipo, limesalia tundu lake. Hofu ya mashetani haikuwazuia wachokozi wa bakuli. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu mwaka 1964, nayo ni sheria njema, walakini sheria haikeshi makaburini. Mwenye kukesha ni jirani aliyelelewa akijua kwamba pale ni kwao.

Udhuru wa tatu ndio mzito, na aghalabu hautamkwi wazi: kwamba mambo hayo si yetu. "Magofu ya Waarabu," husema watu, wakapita. Miaka michache iliyopita nilifuatana na jamaa zangu wa Temeke na watoto wao wanne katika mojawapo ya magofu ya pwani hii. Mtembezaji aliwaambia watoto kwa sentensi tatu: wageni walikuja, wakajenga, wakaondoka. Mdogo wao akauliza: "Na sisi tulikuwa wapi?" Hakujibiwa.

Swali lile lina jibu. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, wachimbuzi wa miaka ya 1980 walikuta misikiti iliyojengwa mahali pamoja, mmoja juu ya mwingine, tangu karne ya 8: ya mwanzo midogo ya miti na udongo, ya mwisho ya mawe. Mji uleule ulikua polepole kutoka mti hadi jiwe. Makaburi ya mnara nayo ni fani ya mwambao wetu. Huyakuti Uarabuni ukasema yaliletwa kutoka huko. Na mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa chembe za urithi za watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani hii na bara yake, Kilwa na Mtwapa zikiwamo. Ulionyesha kwamba wengi wa watu wa pwani walikuwa na asili ya Kiafrika hasa kwa upande wa mama, na kwamba tangu kiasi cha mwaka 1000 waliingia akina baba wa Kiasia, wengi wao kutoka Uajemi.

Sisemi, basi, kwamba wageni hawakuja. Walikuja, wakaoa, watoto wao wakalelewa na mama zao wa hapa, wakazikwa hapa. Anayewafuta babu hao akosea, na anayewafuta bibi akosea zaidi, maana hao ndio waliokuwa wenyeji. Mtoto aliyeuliza tulikuwa wapi alipaswa kujibiwa: hapa hapa.

Na asidhani mkazi wa Temeke kwamba Kunduchi ni ya watu wa Kinondoni peke yao. Upande wa Kigamboni, uliokuwa Temeke kabla haujafanywa wilaya, wapo Mbwamaji na Kimbiji, nao wana mabaki yao. Mwenye siku nzima na aende Kaole, karibu na Bagamoyo, penye msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13. Makazi haya yalikuwa na watu wake kabla Sultani Majid hajaanza kuijenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860. Wala huku visiwani tusijione bora: ni watoto wangapi wa mjini wanaopelekwa Kizimkazi kutazama pomboo, wakarudi bila kuuona msikiti wenye maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107?

Kwa wazazi nasema: chukueni maji, kofia na mkate, fikeni asubuhi kabla jua halijakaza, mtumie saa moja magofuni kisha mwende baharini. Saa moja yatosha. Kwa walimu nasema: msingoje darasa la historia. Na kwa washairi wenzangu: tumeyaimba magofu kwa miaka mingi tukilia juu ya kupita kwa dunia, na kilio hicho ni cha watu wazima. Mtoto hahitaji kuambiwa kwamba kila kitu huanguka. Mtungieni beti fupi za mvunja tumbawe, za mchoma chokaa, za mama aliyeteka maji kisimani, ili siku atakaposimama pale ajue ni nani wa kumwamkia.