NYUMBANI NA KAZINI: Kuiamuru Kompyuta Ipige Simu

Bibi mmoja aishiye katika nyumba za askari polisi ametuletea barua ambayo hatukuweza kuiweka kando. Mumewe, asema, yuko ng'ambo katika kazi ya kulinda amani, na habari zake humfikia kwa barua-pepe tu, kila mwisho wa juma. Kabla ya kusafiri, bwana huyo alimwachia kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux, na modemu ndogo ya kuchomeka ubavuni, yenye kadi ya simu ndani yake. Alimwachia pia karatasi yenye amri tatu: "pon nyumbani" kwa kuanza, "poff" kwa kukata, na "sudo plog" kwa kusoma yaliyotokea. Kwa miezi mitatu mambo yalikwenda vizuri. Sasa majuma mawili yamepita, amri anaiandika kama kawaida, na barua haziji. Fundi mmoja wa mjini amemshauri anunue kompyuta nyingine. "Je," auliza Bibi, "ni kweli hii imekufa?"

La, Bibi, haijakufa, na tafadhali usitoe fedha yoyote mpaka umalize kusoma ukurasa huu. Umefanya jambo moja la busara ambalo fundi wako hakulifanya: umenakili kwa mkono mistari yote iliyotolewa na "plog" na kutuletea. Mistari hiyo ni ushahidi, na ushahidi husomwa tangu mwanzo hadi mwisho kabla ya mtu yeyote kutiwa hatiani.

Kwanza tuieleze kazi yenyewe. Kompyuta mbili zilizounganishwa kwa simu haziwezi kupelekeana habari ovyo. Sharti zipatane kwanza: ukubwa wa furushi moja la habari, nani ni nani, na kila mmoja atajulikana kwa anwani gani. Mapatano hayo huitwa PPP, yaani itifaki ya ncha kwa ncha, maana huku kuna mmoja na kule kuna mmoja, basi. Kabla yake yalitumika mapatano mepesi zaidi yaitwayo SLIP, ambayo waraka wake ulitolewa mwaka 1988. Hayo hayakuwa na njia ya kupeana anwani, wala ya kutambua kwamba habari imeharibika njiani. PPP itumikayo hata leo yafuata waraka wa Julai 1994, uitwao RFC 1661.

Wako watakaosema kwamba tunazungumza habari za kale. Ni kweli kwamba desturi ya kuingia katika intaneti kwa kupiga simu ya waya imekwisha karibu kila mahali. Hata kampuni ya AOL ya Marekani, iliyopata kuwa na mamilioni ya wateja wa namna hiyo, iliifunga huduma hiyo tarehe 30 Septemba 2025. Walakini modemu nyingi ndogo za simu za kizazi cha tatu, kama hii ya Bibi, hujifanya mbele ya kompyuta kuwa ni modemu za waya za zamani. Kompyuta hudhani yapiga simu, na nambari ipigwayo si ya mtu bali ni *99#. Kwa hiyo ajuaye desturi ya zamani aijua na hii.

Sasa tuingie katika karatasi ya Bibi. Mistari ya kwanza yaonyesha kompyuta ikipeleka "ATZ" na modemu ikijibu "OK". Amri hizi zianzazo na herufi AT zilikuja na modemu iliyoitwa Smartmodem, ya kampuni ya Hayes ya Marekani, mwaka 1981. Chombo hicho kilipitisha biti 300 tu kwa sekunde, lakini lugha yake ikaenea duniani kote. AT ni kifupi cha neno la Kiingereza la kutaka usikivu, na wasomaji wetu wa gwarideni watalielewa upesi tukisema kwamba maana yake ni "Mguu sawa!" Modemu haitii neno lolote lisilotanguliwa na wito huo. Z yairudisha katika hali yake ya mwanzo, D ni piga, H ni kata. Basi "OK" hiyo yatuambia kwamba modemu i hai, imechomekwa sawasawa, na yasikia. Mshukiwa wa kwanza aende zake.

Baada ya hapo twaona "ATD*99#" na jibu "CONNECT". Mazungumzo haya hayafanywi na mtu. Yameandikwa katika faili moja ndogo ambayo programu iitwayo chat huisoma. Imepangwa jozi jozi: ngoja neno hili, kisha sema neno lile. Ngoja "OK", sema "ATD*99#". Ngoja "CONNECT", kisha nyamaza uwaachie wakubwa. Juu yake huandikwa maneno ya kuvunja shauri, yakitanguliwa na ABORT, kama vile "BUSY" na "NO CARRIER". Lau jibu lingekuwa "NO CARRIER", tungeuliza habari za salio la kadi, nguvu ya mawimbi mahali hapo, au jina la lango la kampuni ya simu ambalo huandikwa katika amri ya "AT+CGDCONT". Lakini Bibi amepata "CONNECT". Kampuni imeitikia. Mshukiwa wa pili naye aachiwe.

Hapo ndipo programu kubwa, pppd, inaposhika kazi. Maagizo yake yako katika faili iliyomo ndani ya "/etc/ppp/peers", na jina la faili hiyo ndilo lile "nyumbani" ambalo Bibi huliandika baada ya "pon". Ndani yake mumewe ameandika modemu iko wapi, "/dev/ttyUSB0", mwendo wake, na maneno machache ya kanuni. Mojawapo huwapotosha wengi, nalo ni "noauth". Watu hudhani kwamba maana yake ni kutotumia neno la siri kabisa. Sivyo. Maana yake ni kwamba sisi hatumtaki yule wa upande wa pili ajitambulishe kwetu. Yeye bado aweza kututaka tujitambulishe kwake, kama vile mgeni asivyomdai mlinzi wa lango kitambulisho, ilhali mlinzi atamdai yeye.

Katika mistari iliyofuata pande hizo mbili zinajadiliana. "ConfReq" ni ombi, "ConfAck" ni kukubali, "ConfNak" ni kusema "sikatai, lakini nataka kiasi kingine", na "ConfRej" ni kukataa katakata. Kama maombi yetu yangekwenda peke yake bila jibu lolote, ungekuta mwishoni malalamiko ya "timeout", na tungejua kwamba upande wa pili hausemi lugha hii. Kwa Bibi maombi yamekwenda na majibu yamerudi. Yeye asema alipofika hapa macho yalimuuma, hatumlaumu.

Kisha likaja swali la neno la siri, na hapa twaomba radhi kupita kando kidogo, kwa kuwa jambo lenyewe lawagusa wasomaji wetu wote. Ziko njia mbili za kuulizana. Ya kwanza, PAP, ni ya kulitaja neno lenyewe langoni kwa sauti, na aliyejificha kichakani akilisikia, kesho ataingia nalo. Ya pili, CHAP, ni ya werevu zaidi. Mlinzi humpa mgeni nambari iliyobuniwa papo hapo. Mgeni huichanganya na neno la siri kwa hesabu ngumu na kurudisha jawabu tu. Mlinzi naye, maadamu alijua neno hilo, hufanya hesabu ile ile na kulinganisha. Neno lenyewe halikupita njiani, na kesho nambari itakuwa nyingine.

Lakini werevu wote huo hauna faida kama faili yenye maneno hayo iko wazi. Bibi, kwa nia njema, alitunakilia pia faili iitwayo "chap-secrets". Mstari wa kwanza ulikuwa wa kampuni ya simu, nao hauna uzito, kwa sababu kampuni nyingi za simu za mkononi humtambua mteja kwa kadi yake. Mstari wa pili ulikuwa wa laini ya kazini kwa bwana. Sehemu hiyo ya karatasi tumeikata na kuichoma. Hata hivyo barua imepita katika mikono mingi kabla ya kutufikia, kwa hiyo afadhali Bibi aiarifu ofisi hiyo leo, kabla ya jambo lingine lolote, ili neno libadilishwe. Baadaye aandike "sudo chmod 600 /etc/ppp/chap-secrets", na faili haitasomeka ila na msimamizi wa kompyuta peke yake.

Turudi katika ushahidi. Baada ya neno la siri kukubaliwa, twaona "local IP address" na nambari zake, kisha "remote IP address" na nambari zake. Hiyo ni anwani yetu na anwani ya jirani yetu wa ncha ya pili. Mpaka hapa kila kitu ni kizima: modemu, kadi, kampuni, neno la siri, anwani. Mtu aliyechoka angeikunja karatasi na kusema hakuna kosa. Lakini chini ya mistari hiyo upo mmoja ambao Bibi aliunakili kwa herufi ndogo pembeni, kana kwamba auonea haya: "not replacing existing default route". Huyo ndiye mkosaji.

Maana yake ni hii. Kompyuta ina njia kuu moja ya kupelekea kila furushi lisilokuwa la hapa nyumbani. Neno "defaultroute" katika faili ya "nyumbani" laiambia pppd iifanye simu kuwa njia kuu hiyo. Lakini pppd ina adabu: ikikuta njia kuu nyingine imekwisha wekwa, haiing'oi. Husema tu kwamba haikuibadilisha, na kuendelea na kazi. Hivyo simu imeunganishwa, fedha ya kadi inakwenda, na kila ombi la barua linapelekwa kupitia mlango mwingine ambao hauendi popote.

Mlango huo umetoka wapi? Bibi mwenyewe ametaja, katika mstari wa mwisho wa barua yake, kwamba kijana wa jirani alichomeka waya nyuma ya kompyuta ili acheze na wenzake kupitia kisanduku cha kugawia mtandao. Kisanduku hicho hakina intaneti, lakini hakikuacha kujitangaza kuwa ndicho njia kuu. Tumemsamehe kijana, maana mwandishi wa safu hii alifanya kosa lile lile nyumbani kwake mwaka 2002. Alikesha usiku wa Ijumaa akibadili kila kitu isipokuwa kile kilichostahili kubadilishwa, akalala kwa hasira, na akaisahau simu ya waya ikiwa imeunganishwa hadi Jumatatu. Bili ya mwezi ule ilisomwa mezani kwa sauti na mama wa nyumba, mbele ya wageni.

Dawa ni hii. Uchomoe waya wa kijana. Andika "poff", kisha "sudo ip route del default", kisha "pon nyumbani". Ngoja nusu dakika, andika "ip route", na utazame mstari uanzao na "default": uwe na neno "ppp0". Ukiwa nalo, jaribu "ping -c 3 8.8.8.8". Ikiwa majibu yanarudi lakini majina ya mahali hayafunguki, basi neno "usepeerdns" limekosekana katika faili ya "nyumbani", nalo ndilo liombalo anwani za watafsiri wa majina. Ikiwa amri ya kung'oa njia itajibu kwamba hakuna njia ya namna hiyo, usihofu. Kuchomoa waya kumekwisha itoa.

Kijana akiutaka waya wake baadaye, asizuiwe. Katika Debian na mifumo ya jamaa yake liko neno "replacedefaultroute", ambalo likiongezwa chini ya "defaultroute" laipa pppd ruhusa ya kuiondoa njia iliyopo na kuirudisha simu ikikatwa. Ongeza pia mstari wa "idle 300". Huo huikata simu yenyewe baada ya sekunde 300 bila habari kupita, na lau mwandishi angeujua mwaka ule, wageni wake wangekula kwa amani.

Barua za majuma mawili hazikupotea, Bibi. Zangoja katika kompyuta ya kampuni inayozihifadhi. Kama bwana ametia picha ndani yake zitachukua muda mrefu kuingia kwa modemu ya namna hiyo, na taa yake itakuwa ikimetameta wakati wote. Usiandike "poff" mpaka ya mwisho imeingia.