Tusikilize Chuma Kabla ya Kununua Mitambo

Msanii anayeunda sanamu yenye mwendo, yaani umbo linalozungushwa au kutikiswa na mota, upepo au mkono wa mtu, huunda vitu viwili kwa pamoja: kitu cha kutazamwa na kitu cha kusikilizwa. Jean Tinguely wa Uswisi alilifahamu jambo hilo vyema. Tarehe 17 Machi 1960, katika bustani ya Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa mjini New York, aliuwasha mtambo wake mkubwa wa magurudumu, mota na piano kuukuu, nao ukanguruma na kuanza kujivunja wenyewe mbele ya watazamaji. Harry Bertoia, mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani, alifuata njia ya upole. Alisimamisha fito nyembamba za metali juu ya bamba, akazipitishia mkono, zikalia mfano wa kengele. Sauti hizo alizinasa ghalani mwake huko Pennsylvania, akaanza kuzitoa katika santuri mwaka 1970.

Siku hizi wako wasanii wapendao kuzipitisha sauti za namna hiyo katika sinthesaiza ya moduli. Chombo hicho kilibuniwa Marekani katika miaka ya 1960 na Robert Moog na Don Buchla, kila mmoja kwa njia yake. Si kinanda kimoja kilichokamilika, bali ni mkusanyiko wa vipande vinavyounganishwa kwa nyaya. Kimoja huzalisha mawimbi, kingine huyachuja, kingine huyakuza. Na volti itokayo katika kimoja huweza kukitawala kingine. Moduli zilizokwisha kutengenezwa ni maelfu, na bei zake si haba. Basi, mwenye fedha kidogo aanze na ipi?

Kwa maoni yangu, wengi huanzia mwisho. Huvutiwa na taa na vifundo, wakanunua kwanza moduli za kuzalisha mawimbi. Kisha sauti ya mitambo huifunika sauti ya sanamu, na sanamu ikabaki pambo tu. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, lakini hata mkulima hodari hulitazama shamba kabla ya kushika jembe.

Shamba letu hapa ni chuma chenyewe. Ufito ulioshikizwa upande mmoja hutoa sauti kadhaa kwa wakati mmoja. Mitetemo ya sauti ya pili ni kama mara 6.3 ya ile ya kwanza, na ya tatu ni kama mara 17.5. Uzi wa gitaa hufuata hesabu ya mara 2, mara 3 na kuendelea. Ufito haufuati mpango huo, na ndiyo sababu mlio wake hutukumbusha kengele. Tena, ukiukata ufito nusu, mitetemo yake kwa sekunde huongezeka mara nne. Kwa hiyo sanamu tayari ni mzalishaji wa mawimbi, tena tajiri. Kuiongezea mwingine ni kutia maji baharini.

Kinachotakiwa kwanza ni kuisikia sawasawa. Kisahani cha piezo, ambacho hutoa umeme kinapotikiswa, hubandikwa juu ya chuma. Tabia hiyo ya fuwele iligunduliwa na ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Katika saketi, kisahani hufanya kazi kama kapasita. Tuseme ya nanofaradi 20. Kikiungwa kwenye chombo ambacho ukinzani wa mlango wake ni omu 10,000, sauti zilizo chini ya mitetemo 800 hivi kwa sekunde hudhoofika. Ukinzani ukiwa omu 100,000, mpaka huo hushuka hadi 80. Ukiwa omu milioni 1, hushuka hadi 8. Mwanafunzi aweza kuhakikisha mwenyewe: azidishe 2π kwa ukinzani na kwa uwezo wa kapasita, kisha agawe 1 kwa zao hilo. Mara nyingi sanamu hulaumiwa kuwa ina sauti nyembamba, kumbe kosa ni la mlango.

Basi chombo cha kwanza na kiwe kikuza sauti chenye ukinzani mkubwa mlangoni. Cha pili kiwe kile kinachofuata kupanda na kushuka kwa nguvu ya sauti na kutoa volti inayolingana nayo. Cha tatu ni kichujio kinachotawaliwa na volti hiyo. Hapo nyundo ya sanamu ikigonga kwa nguvu, kichujio hufunguka. Ikigonga polepole, hufunga. Sanamu huwa mpigaji, na sinthesaiza huwa ala yake.

Huenda mtu akasema kwamba sanaa haipangiwi utaratibu, na kwamba Tinguely mwenyewe alipenda vurugu. Sikatai. Lakini vurugu ya Tinguely ilikuwa ya vyuma vyake, haikununuliwa dukani.

Walimu wa fizikia wanaweza kulijaribu jambo hili bila sinthesaiza yoyote. Kisahani kilichotolewa katika kengele mbovu ya piezo, bamba la msumeno lililobanwa ukingoni mwa meza, na kikuza sauti kidogo cha betri vyatosha. Wanafunzi wabadili urefu wa bamba, wasikilize, wapime, waandike. Atakayefanya hivyo atajua anachokihitaji kabla fedha haijatoka mfukoni.