Kijana wa Kwale, usichague simuleta ya ndege kwa uzuri wa picha

Ukiishi Ukunda, mlio wa ndege umeuzoea kama honi ya matatu. Zinatoka Nairobi, zinashusha watalii wa Diani, zinageuka na kwenda zake. Nawe uliyesimama nje ya ua umeshajiuliza mara ngapi: yule anayeirusha alianzia wapi?

Siku hizi wengi wanaanzia kwenye kompyuta, na hilo halina ubaya. Tatizo ni vile tunavyochagua programu. Umeona video ya Microsoft Flight Simulator, mawingu kama ya kweli, mara unakopa hela ununue. Kumbe toleo la 2020 linataka GB 150 za nafasi kwenye kompyuta, na mandhari yake mengi huvutwa kutoka intaneti wakati unaruka. Wewe uko Msambweni, bando unanunua la siku. Hapo si unachoma pesa tu? Tena laptopu ya mtumba itakwama kabla hujawasha injini.

Ushauri wetu: anza na FlightGear. Ni ya bure. Imekuwa ikitengenezwa na watu wa kujitolea tangu miaka ya 1990, na ndani yake kuna Cessna 172, ndege inayotumika kufundishia wanagenzi duniani kote, pamoja na masomo yake. Ukishapakua ramani ya eneo lako, unaruka bila bando. Picha zake ni za kawaida sana, minazi na hoteli za Diani usizitarajie. Lakini mwanafunzi anahitaji upeo wa macho, mwendo na kimo, na hivyo vipo.

Ukipata pesa ya kununua programu, fikiria X-Plane 12. Hii hupiga hesabu ya jinsi hewa inavyogusa kila sehemu ya bawa, kwa hiyo ukikosea ndege inakujibu. Ina toleo la majaribio la bure. Lijaribu kwenye mashine yako kabla ya kulipa. Wenye faiba na kompyuta ya nguvu, haya, chukueni ya Microsoft, masomo yake ni mazuri.

Ila kabla ya programu yoyote ya pesa, tafuta joistiki, hata ya mtumba. Kibodi itakuharibu mkono. Kitufe kinajua mambo mawili tu, kubonyezwa na kuachwa, na ndege inataka kusukumwa kidogo kidogo.

Sasa ujifunze nini? Mambo manne: kwenda sawa, kupanda, kushuka na kukata kona. Achana na otopailoti. Sisi wa pwani tumejaliwa zoezi zuri: paa kutoka Ukunda, geuka kusini, shika futi 2,000, bahari iwe kushoto kwako. Pita Chale, Gazi, Msambweni, kisha ugeuke ukifika Funzi. Kimo kisipande wala kushuka zaidi ya futi 100. Ukishaweza, weka upepo wa kusi kwenye programu, uone ndege inavyosukumwa kuelekea bara huku wewe unadhani unakwenda sawa. Na utazame nje! Waliozoea simuleta hukodolea saa za ndani kama wanaosubiri meseji, na walimu wa urubani hupata kazi kuwaachisha.

Tusidanganyane lakini. Saa za simuleta ya nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni. Leseni ya rubani binafsi inataka umri wa miaka 17, cheti cha daktari na angalau saa 40 za mafunzo, na shule nyingi ziko Wilson, Nairobi, ambako kila saa ni maelfu ya shilingi. Ukifika pale unajua tayari usukani wa mkia unafanya nini, mwalimu hatatumia pesa zako kukueleza.

Hapo ndipo tunaigeukia kaunti. Basari ya Elimu ni Sasa imewapeleka watoto wengi wa Kwale shuleni, na shukrani tunatoa. Hatuombi ndege. Kompyuta moja na joistiki moja katika kila chuo cha ufundi, kuanzia Msambweni, programu yenyewe ikiwa ya bure, si mzigo.

Na wewe usingoje kaunti. Ukishaipakua, tafuta kiwanja chenye alama HKUK. Hapo ni Ukunda.